Walivyomfundisha Karam

Siku ya tano ya Ramadhani, Karam alishika kijiko sawasawa, na Lutfi akaacha kutafuna.

Karam hakuwa mtu wa kweli. Alikuwa kijana wa kwenye tamthilia, mtoto wa jaji, nywele zimepakwa mafuta, anayeangamia kwa unga kila jioni baada ya futari kwa dakika arobaini, na matangazo ya samli katikati. Misri nzima ilikuwa ikimtazama. Kwenye soba ya Galal, nyumba ya kuwaachisha watu unga nje ya Kairo, pale barabara ya Fayum inapoachana na majumba na kubaki mchanga mtupu, wanaume kumi na mmoja walimtazama kwa sababu waliamrishwa.

"Tazameni mlikotoka," aliwaambia Galal, msimamizi, ambaye alikuwa teja hadi miaka tisa iliyopita na makovu yake bado alikuwa nayo. Runinga ilikaa ndani ya kabati lenye kufuli. Kufuli lilifunguliwa baada ya magharibi na kufungwa kabla ya isha. Lango nalo lilikuwa na kufuli, madirisha yalikuwa na nondo, na simu zote zilikuwa kwenye droo ya Galal. Mtu hakuwa na pa kwenda isipokuwa kwa Karam.

Mwanzoni walimcheka. Nani asingecheka? Mateja wana madharau makubwa kwa mtu asiyeijua fani yao.

"Mtazameni huyu!" alisema Haji Shauki, mzee wa miaka sitini na moja aliyehiji mara mbili na kuurudia unga mara mbili. "Kafunga mkono kama anapimwa presha! We mtoto wa jaji, legeza huo mpira! Na kijiko hicho, unakoroga chai?"

"Halafu anapiga kelele," alidakia Nadir, aliyefukuzwa chuo cha ufamasia. "Ukishapata unapiga kelele za nini? Ukishapata unanyamaza."

"Asijikune shingo!" Lutfi naye alipaza sauti. "Ajikune pua! Pua ndiyo inayowasha!" Lutfi alikuwa fundi wa madishi mtaa wa Shubra, miaka kumi na minne juu ya mapaa ya watu, na hakuwa mtu wa kupitwa kwenye mzaha.

Lakini kicheko kile kilikuwa kinafunika jambo. Kamera ilipousogelea unga, ukumbi ulinyamaza, kila mtu akameza mate peke yake na hakuna aliyemtazama mwenzake. Alimchukia yule mwigizaji kwa kuigiza, na papo hapo akamwonea wivu kwa kuwa nao mkononi. Na mama yake Karam alipoanza kulia mlangoni, wanaume watatu walibanwa na haja kwa wakati mmoja.

Siku iliyofuata Karam alilegeza mpira. Siku nyingine alipata, akanyamaza. Na siku hiyo ya tano kijiko kilikuwa sawa, mkono ulikuwa sawa, kisha akainua kidole polepole akajikuna pua.

"Kajikuna pua," Lutfi alisema kwa sauti ya chini.

"Watakuwa wamemwajiri teja mwenzetu awashauri," alisema Nadir.

"Tamthilia hizi hurekodiwa kabla ya Ramadhani. Mimi nimesema pua juzi."

"Pua kila teja anaijua, fundi. Kula kunafa yako."

Lutfi alikula. Ndipo aliposikia harufu ya siki ikitoka kabatini. Siki haikuwa ikiingia nyumba ile. Galal aliipiga marufuku hata kwenye saladi, maana unga wa kahawia una harufu hiyo hiyo, na kuna watu pale waliwahi kulia machozi kwa sababu ya chupa ya achari.

Wiki ya pili picha ilianza kutetemeka, na Galal akamtuma Lutfi darini baada ya swala ya alasiri, kweupe, jua likiwaka. Alifurahi kuona anga. Alishika waya unaotoka ukumbini akaufuata kwa mkono, ukapanda ukuta, ukavuka ukingo wa paa, ukaishia hapo. Ulikuwa umekatwa siku nyingi na ncha yake ilikuwa na kutu. Dishi lenyewe lilikuwa limelala chali pembeni, na njiwa walikuwa wametagia ndani.

Alishuka mbio akamweleza Galal. Galal alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatabasamu.

"Mimi visingizio vya kutoka humu navijua vyote, Lutfi. Hiki cha dishi ni kipya. Nakupa hongera."

"Panda ukaone mwenyewe!"

"Nipande darini na funga hii? Picha si inaonekana? Basi."

Ijumaa ilikuwa zamu ya simu. Lutfi alizungumza na mkewe Hanadi, dakika tano, Galal amesimama pembeni. Aliuliza habari za mtoto, kisha akauliza, kama mzaha, Karam anaendeleaje huko kwenu.

"Karam? Si kapona? Yuko hospitali tangu wiki iliyopita, anamchumbia yule nesi," alisema Hanadi. "Kwani nyinyi mnatazama nini huko?"

Lutfi alimrudishia Galal simu. Jioni ile Karam hakuwa hospitali. Alikuwa ameketi sakafuni katika chumba kisicho na madirisha, amejidunga jinsi Haji Shauki alivyomfundisha, amenyamaza jinsi Nadir alivyomfundisha, na hapakuwa na muziki wala matangazo. Kisha akageuza uso akawatazama wote kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine.

"Haji," alisema, "sasa nakoroga vizuri?"

Galal alikuwa jikoni akigombana na mpishi.

"Kushika nimejua. Kufunga nimejua. Lakini mimi sina mishipa, Haji. Inakuwaje ikiingia? Niambie wewe."

Pale soba kulikuwa na sheria moja iliyowekwa juu ya sheria zote: asubuhi mkikaa duara, mtu akiulizwa anajibu, na anajibu ukweli. Kunyamaza ni mwanzo wa kurudia. Walikuwa wameizoea sheria ile hata ulimi ulitangulia akili, na Haji Shauki akajibu. Alisema kwamba kwanza joto linaanzia nyuma ya magoti, linapanda bila haraka, linapita tumboni na kuzima kila kitu kinachouma humo, madeni na mazishi na jina la mwanao aliyekukana, mpaka linafika kifuani na unajiona mtoto aliyeoga akafunikwa blanketi na mama anasogea sogea jikoni, na hakuna anayekuhitaji, hakuna unayemkosea, na unasema moyoni kwamba hata kama ni leo, basi iwe leo. Alisema haya akilia, uso umejaa mapenzi, na wenzake walimsikiliza wakiwa wameinama kama watu wanaosikia habari za kwao. Alipomaliza, Karam alifumba macho.

"Ahsante, Haji," alisema. Runinga ikajizima.

Kesho yake alasiri walimkuta Haji Shauki kwenye mkeka mbele ya kabati lililofungwa. Mboni zake zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini, midomo ya buluu, anatabasamu. Mikono yake haikuwa na tundu hata moja jipya. Gari la wagonjwa lilifika, lakini alikata roho kabla ya mzinga wa kufuturu.

Galal aliipekua nyumba. Alichana magodoro, akawavua watu nguo, akamwaga mchele wote sakafuni. Hakupata kitu, na hilo ndilo lililomtia wazimu. "Nani alipanda darini?" aliuliza, huku akimtazama Lutfi. "Ulishusha nini huko juu?"

"Nilikwambia nilichokiona. Waya umekatwa."

"Hakuna anayetoka humu. Si daktari wa meno, si dukani, si kaburini kwa Haji." Aliweka kufuli la pili langoni.

Jioni ile kabati halikufunguliwa. Walikula kunde na mkate, harufu ya siki imekaa juu ya chakula, na Lutfi alikuwa akihesabu siku zilizobaki kabla ya Idi, maana siku hiyo angetimiza miezi mitatu na lango lingefunguliwa aende kwake akiwa msafi, mara ya kwanza tangu binti yake alipoanza kusema. Ghafla akasikia kikohozi ndani ya kabati. Kilikuwa kikohozi cha Haji Shauki, kile cha kuvutia makohozi kila anapotaka kuchekesha. Watu waliweka mikate chini.

"Fundi Lutfi," alisema Karam kutoka kizani mwa kabati, kwa upole, kwa sauti iliyokuwa na ya Haji ndani yake.

Lutfi alikuwa ameapa. Tangu Haji alipokata roho alikuwa ameapa kwamba akiulizwa inakuwaje ikiingia, atauma ulimi mpaka utoke damu, na alikwisha kuuweka ulimi baina ya meno, na alitaka kusimama akimbie lakini akimbilie wapi, mlango una kufuli na dirisha lina nondo na lango lina makufuli mawili na nje ni mchanga, na wenzake tisa walikuwa wakimtazama kwa macho yanayosema jibu wewe, jibu ili asituulize sisi.

"Uliacha kwa ajili ya nani?" Karam aliuliza.

Swali halikuwa lile. Lilikuwa swali la kila asubuhi, la kwanza kwenye duara, ambalo Lutfi alikwisha lijibu zaidi ya mara sitini kwa kujivuna. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kwa ajili ya binti yangu," alisema. "Nuran. Ana miaka sita."

"Nuran," alisema Karam taratibu. "Nuran."

Bakuli lilianguka mlangoni. Galal alikuwa amesimama pale, na safari hii alikuwa amesikia kwa masikio yake.

Sheikh Mabruk, aliyeitwa na Galal, alikuja asubuhi yake kutoka Fayum kwa pikipiki, chupa ya maji ameifunga kiunoni. Alikuwa mwalimu wa watoto wa chuo cha Kurani, mfupi, mkali, asiye na muda wa kupoteza. Alisoma Kurani mbele ya kabati kuanzia dhuha hadi adhuhuri. Mbao zilitoa maji ya njano, kitu ndani kililia kwa sauti ya Haji, kisha ya Nadir, kisha ya mama yule wa kwenye tamthilia, na mwisho kioo kikapasuka. Waliyazika mabaki mchangani, nyuma ya nyumba.

"Mwezi huu mashetani wanafungwa minyororo," alisema Sheikh akinawa mikono. "Huyu alifungiwa hapa. Nyinyi wafungwa mkakaa mkapiga soga na mfungwa mwenzenu."

"Ameondoka?" aliuliza Galal.

"Nimemvunjia nyumba. Mnyororo hautolewi na mimi. Mwezi wa Idi ukiandama utafunguka wenyewe." Akawauliza mmoja mmoja walichompa. Lutfi alipomwambia, Sheikh alikaa chini. "Mtoto mwenyewe hapajui hapa?"

"Hajawahi kuja."

"Basi na huyo jini hajui njia ya kumfikia. Atafuatana na atakayekuja kukuchukua. Nisikilize. Wenzako waende. Wewe ubaki siku arobaini, na asije mtu wako hata mmoja karibu na lango hili. Akikosa wa kumfuata, atapotelea jangwani."

Lutfi alipewa simu hapo hapo. "Hanadi, Idi msije," alisema. "Siji. Nabaki siku arobaini nyingine."

"Umerudia," alisema Hanadi.

"Wallahi sijarudia. Kuna kitu hapa. Jini. Sheikh amesema..."

"Mara ya kwanza uliibiwa mfuko. Mara ya pili rafiki yako amefariki. Leo jini." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nitakuja kukutazama macho, Lutfi. Macho yako hayajui kudanganya."

Galal aliichukua simu akamthibitishia kila neno. Hanadi alimsikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza na yeye alirudia lini.

Asubuhi ya Idi takbira zilisikika kwa mbali. Wanaume tisa walikumbatiana wakatoka wakikimbia, na Lutfi akabaki ukumbini, akiomba, mpaka aliposikia gari la shemeji yake likisimama. Alitoka mbio. Hanadi alikuwa amekwisha shuka, na nyuma ya kioo cha gari kilichoteremshwa Nuran alikuwa na gauni la njano na sahani ya biskuti za Idi mapajani. Lango lilikuwa wazi. Lutfi alilivuta, akalisukumia kufuli kwa mikono yote miwili mpaka likalia.

"Baba!" aliita Nuran.

"Mwache humo humo garini!" Lutfi alipiga kelele. "Hanadi, usimteremshe!"

Hanadi alisogea hadi kwenye vyuma. Alimshika kidevu, akamgeuzia juani, akamtazama jicho la kulia, kisha la kushoto. Alipomaliza alianza kulia.

"Mzima," alisema. "Mzima kabisa. Sasa kwa nini, Lutfi? Kama si unga, ni sisi?"

"Nawapenda. Ndiyo sababu. Nenda mpenzi wangu, nenda sasa hivi, nitakueleza."

"Mtoto hajalala usiku kucha kwa hamu yako."

"Nenda!"

Alikwenda. Lutfi alilishikilia lile lango la chuma kwa nguvu zake zote, na kwa mara ya kwanza maishani alijiona baba, maana kilichomo humu kingebaki naye humu. Alisikia mlango wa gari ukifunguliwa, na sauti ya Nuran, nyepesi, yenye adabu aliyofundishwa na mama yake.

"Mama, kaa mbele na mjomba. Hapa pamejaa. Ami huyu kasema baba ndiye aliyempa jina langu."

Lutfi aligeuka kumwomba Galal, aliyekuwa nyuma yake, ufunguo. Galal alipapasa mfuko mmoja, akapapasa wa pili, na gari likaondoka.