Suruali ya Msumeno Haitiwi Mkasi

Mimi ni fundi cherehani. Asubuhi napunguza sketi, jioni natia zipu. Kwa kawaida sina maneno mengi. Lakini siku ile mume wangu alipotupa suruali nzito juu ya cherehani yangu, nilisema hadi koo likakauka.

Alikuwa amepata kazi ya kukata miti kwa msumeno wa mnyororo, ule wa injini. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza. Suruali ile alipewa na binamu yake aliyeacha kazi hiyo.

"Mama watoto, nifumulie hili godoro la ndani," alisema. "Joto linaniua."

"Nani kasema lifumuliwe?"

"Bosi. Anasema linachelewesha kazi. Wenzangu wote wameshafumua."

Nilipapasa mapaja ya suruali. Ndani mlikuwa na nyuzi ndefu, tabaka juu ya tabaka. Mshono ule haukuwa wa mapambo. Nani ajisumbue hivyo bure? Niliweka mkasi chini, nikamwita jirani yetu. Huyu dada anafundisha kazi za msituni chuoni, na mtaani tunamwita Mwalimu.

Mwalimu aliishika suruali, akaguna.

"Shemeji, unajua godoro hili ni la nini?"

"Si la baridi?"

"Baridi gani! Mnyororo ukigusa paja, unapasua kitambaa cha juu. Hizi nyuzi zinachomoka, zinajisokota kwenye mashine, mnyororo unakwama. Ukizifumua, kinachofuata ni nyama yako."

Damu ilinichemka. "Kumbe bosi wenu anataka nimkate mume wangu mguu kwa mkasi wangu mwenyewe! Hana haya?"

"Punguza sauti, wateja wanasikia," mume wangu alinong'ona.

"Wasikie!"

Mwalimu alitaka kuona mfuko wa kazi wa mume wangu. Akatoa kandambili, kofia ya jua na kabari ya chuma.

"Kandambili ni za bafuni," alisema. "Vaa buti zenye chuma vidoleni na soli isiyoteleza. Kofia iwe ngumu, yenye wavu wa kukinga uso na viziba masikio. Mashine ile inaua masikio polepole, hutajua mpaka watoto wakuite mara tatu."

"Tayari haitiki nikimwita," nilisema.

"Hiyo ni ya ndoa, haina kinga," Mwalimu alijibu. Hata mimi nilicheka, ingawa hasira haikutoka.

Akainua ile kabari. "Na hii? Unaipigilia kwenye mti ili msumeno usibanwe, sivyo? Mnyororo ukigonga chuma, meno yanavunjika na vipande vinaruka. Tumia kabari ya mti au ya plastiki. Beba pia tupa ya kunolea, ya mviringo, inayolingana na meno ya mnyororo wako. Mnyororo butu unakufanya usukume kwa nguvu, na ukisukuma unateleza. Vitawi vidogo, kata kwa msumeno wa mkono. Si lazima kila kitu kiungurume."

"Na glavu?" mume wangu aliuliza.

"Zikutoshe, ushike vizuri. Shati lichomekwe, skafu shingoni marufuku. Na usivimbe kichwa kwa sababu umevaa. Suruali inapunguza hatari, haiiondoi."

Mume wangu aliondoka na suruali yake nzima. Vitu vingine tulivitafuta, na hakuanza kazi mpaka vilipotimia.

Wiki chache baadaye, bosi aliingia dukani kwangu. Mkononi alishika ile suruali. Paja la kushoto lilikuwa limepasuka, nyuzi nyeupe zinaning'inia. Niliinuka kwenye cherehani. Kisha nikamwona mume wangu nyuma yake, amesimama kwa miguu yote miwili. Alikuwa akikata tawi la mti ulioanguka, msumeno ukaruka. Hakutoka hata tone la damu.

"Fundi, tia kiraka hapa," bosi alisema. "Kesho arudi kazini."

"Haitiwi kiraka. Nyuzi zimeshachomoka, haimkingi tena. Mnunulie nyingine."

"Kelele zote hizi kwa suruali moja?"

"Bosi, ungeniletea mguu wake umekatika, ungeniambia pia nitie kiraka?"

Bosi alizitazama zile nyuzi.

"Na wale uliowaambia wafumue," nilimuuliza, "wako wapi sasa hivi?"

"Wanakata," alisema polepole.

"Sasa unasimama hapa unasubiri nini?"

Alitoka mbio, hata kofia yake akaisahau mezani. Siku ile misumeno ilizimwa. Haikuwashwa tena hadi kila mkataji alipopata suruali nzima, buti na kofia, kwa gharama ya bosi.

Ile iliyopasuka nimeitundika mlangoni. Akija mtu anataka nimfumulie godoro, namwonyesha hiyo kwanza. Halafu namwonyesha mume wangu, anayepita uani na ndoo mbili za maji, anatembea.