Kufuli Mbili za Miwani

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo hata Chapchap akaicheka. Mshale kwenye kioo cha kompyuta ulisimama. Alisukuma kipanya, haukwenda. Mashine ya kupumulia wagonjwa, iliyounganishwa kwa waya hapo mezani pake, ikanyamaza, kiputo chake cha mpira kimevimba nusu.

"Imeganda," alimwambia jirani yake wa meza, mama mmoja mcheshi ambaye karakana nzima ilimwita Shangazi.

"Haijaganda, imekuona wewe. Hebu toka."

Chapchap akatoka. Shangazi akakaa, akaiwasha upya, nayo ikapumua saa nzima bila kusita. Chapchap akarudi kwenye kiti. Ikaganda.

"Kaka, umeoga kweli leo?"

Wakacheka. Lakini ikawa hivyo siku tatu mfululizo: wakikaa wengine inakwenda, akikaa yeye inaganda.

Karakana ile ilitengeneza mashine hizo, na kazi ya Chapchap ilikuwa draiva, kile kipande cha programu kinachoifanya kompyuta isikilizane na mashine. Aliyeiandika mwanzo ni dada mmoja mpole waliyemwita Miwani. Ndani yake aliweka kufuli mbili za programu, za kuzuia sehemu mbili zisiiamrishe mashine kwa wakati mmoja, na sharti moja: kila sehemu ya programu ishike kufuli ya kwanza, ndipo ishike ya pili. Miezi mingi kabla ya siku hizo tatu, Chapchap, kwa pupa yake ya kutaka mambo yaende mbio, alipindua mpangilio huo mahali pamoja. Basi sehemu mbili zikawa kila moja imeshika kufuli yake na inaingoja ya mwenzake, hakuna inayoachia. Mashine ikaganda mbele ya wageni kutoka hospitali. Kabla bosi hajauliza, Chapchap aliingia kwenye kumbukumbu za kazi, pale panapoonyesha nani amebadilisha mstari gani, akafuta jina lake akaweka la Miwani.

Miwani alifukuzwa siku ileile. Mlangoni alimgeukia Chapchap. "Wewe unajua, na Mungu anajua. Sikusamehe." Miezi miwili baadaye homa ikamchukua. Chapchap akairekebisha ile kasoro kimyakimya, akasifiwa, akapewa na kiti cha Miwani.

Tusimnyooshee kidole haraka. Mimi mwenyewe nimewahi kunyamaza mwenzangu akibebeshwa kosa langu, na Mola anisamehe.

Siku ya nne, Chapchap alifanya wanavyofanya mafundi wa programu wakitafuta inapogandia: alipanda alama sita ndani ya draiva, kila moja ikipitiwa iandike kwenye kioo "nimefika hapa" na namba yake. Ile ya mwisho kuandikwa ndiyo ingemwonyesha penye ugonjwa. Akawasha. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Zote zilipita. Akashusha pumzi.

Ikaja ya saba, ambayo hakuipanda. *Nimefika hapa. Nani alikosea?*

Papo hapo akasikia harufu ya risasi ya kuchomelea ikichanganyika na mafuta ya nazi, harufu ya nywele za Miwani alipokuwa akiinama juu ya saketi, na feni ya dari ikasimama, na sauti ya Shangazi ikakatika katikati ya neno, na kwa muda wa pumzi tatu hakuna kilichotikisika mle ndani ila moyo wake.

Kisha Shangazi akamalizia neno lake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Alikimbilia nyumbani. Akamkuta mkewe anamlisha binti yao wa miaka minne. Mtoto alimwona, akafungua mdomo aseme "Baba", akabaki vivyo hivyo. Macho wazi. Kifua kimya.

"Mama! Mama, we!" mke alimwita binti yake huku akimtikisa. Pumzi kumi zikapita ndipo mtoto akaita, "Baba!" na kutabasamu.

Kesho yake ziligeuka ishirini.

Walimpeleka kwa ustadhi mmoja mzee, mtu wa dua. Alisoma, kisha akamgeukia Chapchap.

"Maiti harudi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kila mtu ana jini wake anayefuatana naye tangu kuzaliwa. Kuna mmoja hapa hana tena wa kufuatana naye, na amebaki na kinyongo cha mwenziwe aliyekufa. Mimi siwezi kumtoa. Ulimdhulumu nani?"

Mkewe aligeuka. "Mume wangu, anakuuliza. Nani?"

Siku hiyohiyo, adhuhuri, walikuwa uani kwa mama yake Miwani, bibi mkavu aliyekuwa akianua nguo. Chapchap alipiga magoti akasema yote, huku analia. Bibi alimpakata mtoto, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kazini wanajua?"

"Bado, mama. Nilifikiri nikikuomba radhi wewe..."

"Ulimchafua mbele za watu, unamsafisha uani kwangu?"

Ndipo ile harufu ikaingia uani, nzito, na nguo zilizobaki kambani zikaacha kupepea ingawa upepo ulikuwa bado unavuma, na mtoto akakakamaa mapajani mwa bibi, macho wazi, na mama yake akaanza kuhesabu kwa sauti, mpaka ishirini, ishirini na tano, thelathini, na midomo ya mtoto ikaanza kugeuka buluu.

"Piga simu!" bibi alifoka. "Watu wote wasikie!"

Chapchap alitoa simu, akaweka spika, akapiga. Bosi akapokea.

"Bosi, weka spika, waite wote. Ni mimi niliyepindua kufuli! Si Miwani! Nilifuta jina langu nikaweka lake, akafukuzwa kwa uongo wangu, akafa na uongo wangu juu yake. Ni mimi!"

Kisha mtoto akavuta pumzi moja ndefu yenye mkwaruzo, akaangua kilio. Mama yake akamnyakua, akalia naye.

"Usirudi hapa," bosi alisema taratibu kwenye simu. "Lakini... mashine zote zimewaka zenyewe. Zinapumua." Nyuma yake Shangazi alisikika akisoma dua kwa haraka. Bosi aliposema tena, sauti yake ilikuwa mnong'ono. "We bwana, nani huyu amekaa kwenye kiti chako?"

Chapchap alimnyooshea bibi simu. Bibi aliinama karibu na simu.

"Msimtoe," alisema. "Hapo ni pake."