Kitambaa Kibichi Dirishani

Asubuhi ile mpishi wa ofisi za kamati ya afya alifungua friza akitafuta barafu, akakuta chupa za insulini zimeganda. Zilikuwa zimeletwa jana yake ndani ya mtungi wa udongo ulioachwa hapo jikoni, baada ya kukaa humo msimu mzima wa joto bila umeme. Mchana huo zingepelekwa kwa mkemia mkuu na kamati ingesubiri jibu lake. Zikikutwa nzima, serikali ingegawa mitungi kwa wagonjwa wa kisukari wasio na umeme. Lakini insulini ikishaganda ni ya kutupa.

Inspekta aliyeletwa, ambaye wenzake walimwita Taratibu, alivuta kiti pale jikoni akaomba chai. Hakuwa mtu wa kukurupuka.

"Kamateni yule bwana wa majokofu, Afande," alisema mwenyekiti wa chama cha wagonjwa, mama wa binti mwenye kisukari, aliyeleta mtungi mwenyewe. Alijifuta machozi kwa mtandio wa bluu uliochanika pindo. "Kampuni yao ndiyo inaiuzia serikali. Mtungi unawatoa tonge mdomoni."

Bwana wa majokofu, msemaji wa kampuni, hakukana kuingia jikoni jana jioni.

"Nilifuata maji ya moto. Mtungi siupendi, sikufichi. Ila kazi yangu ni kuwabembeleza waheshimiwa, si kupekua friza za watu."

"Insulini huwa inawekwa wapi?"

"Penye baridi. Baridi ikizidi, si ndiyo bora?"

Taratibu akamgeukia mpishi, ambaye jasho lilikuwa likimtoka.

"Labda ulitaka kusaidia, ndugu yangu, ukaziweka humo zisiharibike?"

"Mimi? Nina sukari mwaka wa ngapi huu! Hata yangu jana niliichomeka mtungini, nione kama mama anasema kweli. Asubuhi naikuta dirishani, ndani ya kikombe. Nikajua ni watu wa usafi."

Kikombe bado kilikuwa pale, upande usiopigwa jua. Chupa ya mpishi, iliyokwisha kuanza kutumika, ilikuwa imeviringishwa kitambaa kibichi cha bluu. Taratibu alikishika, akanywa chai yake yote, kisha akaomba aachwe na mwenyekiti peke yao. Moyo wake ulikuwa mzito, maana alikwisha kumpenda mama yule.

"Mama, aliyefanya hivi alikuta chupa moja ni ya mtu, akaitenga. Yule bwana angegandisha zote, maana hajui. Huyu alijua mgonjwa ataamka akitafuta dawa yake. Akachana nguo yake mwenyewe, akailowesha, akaiweka kivulini. Binti yako ulimtunzia dawa hivyo, sio?"

Mama alikunja pindo la mtandio, akalikunjua.

"Kabla sijapata mtungi," alisema kwa sauti ya chini. "Usiku kucha nalowesha kitambaa."

"Sasa kwa nini?"

"Chama chetu kinaishi kwa kampuni ile, Afande. Fulana, nauli, ukumbi, hata insulini ya mwanangu. Wiki iliyopita waliniambia kwa upole kabisa: mtungi ukipita, ufadhili basi. Niliwaza mwanangu mmoja. Nikawasahau wa wenzangu." Akaangua kilio. "Nilipoona ile ya mpishi, mkono ulikataa."

Taratibu naye macho yalimlengalenga, wala hakujificha.

"Maelezo yako nitayaandika, sina namna. Lakini mtungi wa nyumbani una kitu?"

Mama aliinua uso. "Chupa za mwanangu. Ziliingia siku moja na hizi."

"Atakubali kuzitoa?"

Alipiga simu. Akamweleza binti kila kitu, bila kujipunguzia. Sauti ndogo ikasikika hadi alipokaa Taratibu: "Chukua mbili, mama. Mimi niachie moja. Na usilie mbele za watu."

Mchana inspekta alipanda ngazi amekumbatia mtungi wenye chupa mbili za binti kama kichanga, mpishi akimfungulia milango. Bwana wa majokofu alimwona mwenyekiti, akamtabasamia kama mtu wa nyumbani. Mama hakumtazama. Alisimama mbele ya kamati, mtandio wake umepungua pindo.

"Waheshimiwa, dawa itapimwa," alisema. "Lakini kwanza niulizeni mimi nani kanilipia nauli ya kuja hapa."