Saa Tisa Kamili Tunarudi

"Saa tisa kamili tunakuwa barabarani kurudi," Mwalimu alisema, akagonga karatasi kwa kalamu. "Si saa tisa na dakika tano. Saa tisa."

Msusi aliacha chanuo likining'inia kwenye nywele za mteja, akamtazama mchumba wake kupitia kioo. Wasusi ndivyo walivyo, wanakupa mgongo na bado hakuna unachofanya wasikione.

"Baba anatoka kazini saa kumi," alisema polepole. "Nimekwambia jana. Nimekwambia juzi."

"Najua."

"Sasa tunaenda kumwona nani? Mlango wake?"

Mteja akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Huyu bwana alikuwa mwalimu wa udereva, na ratiba yake aliiandika nyuma ya kadi ya mafunzo kama anavyowaandikia wanafunzi wake: kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, kufika mji wa pili saa tatu, chakula saa sita, kurudi saa tisa, nyumbani saa kumi na mbili jioni. Safari ya siku moja, kwenda na kurudi. Kila kitu kilikuwamo isipokuwa baba mkwe.

Na siku ya kuchezea haikuwepo. Baba yake Msusi alikuwa fundi wa pampu za maji, na wiki iliyofuata alikuwa anahamishiwa kwenye chanzo cha maji huko milimani kwa miezi mitatu. Mwenzake wa zamu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo kutoka mapema hakuwezekani. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku pekee. Kulala huko nako hakuwezekani, kwa sababu Jumapili alfajiri Msusi alikuwa na bibi harusi wa kumsuka, na bibi harusi hasogezwi. Basi ukipiga hesabu, lazima wamwone mzee jioni na warudi giza likiwa limeshaingia. Mtoto wa darasa la pili angelijua hilo.

Mwalimu hakutaka kulijua. Alipendekeza mzee aombe ruhusa, akaambiwa haiwezekani. Alipendekeza wangoje miezi mitatu, akaangaliwa kwa jicho ambalo lilimfanya akunje karatasi yake. Mwisho akasema labda amwombe rafiki yake awaendeshe.

"Mwalimu wa udereva atafutiwe dereva?" Msusi aliuliza. "Hapo kuna kitu hunambii."

Mwalimu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa kumi na moja na robo jioni. Akasema ana shughuli, akachukua funguo zake, akaondoka.

Wasichana wa saluni wakatazamana. Wao walishampa jina zamani, Bwana Kuku, kwa sababu jua likielekea kuzama lazima arudi bandani. Miezi minane ya uchumba, hajawahi kula na Msusi chakula cha jioni hata siku moja. Simu atapiga mpaka masikio yapate moto, mchana atakuja na matunda na maneno matamu, lakini ikishapita saa kumi na moja, bwana huyo hayupo. Msusi alikuwa akicheka nao. Siku hiyo hakucheka. Alimaliza kichwa cha mteja, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akasuka mstari mmoja upande.

Jioni alimpigia baba yake, akamweleza habari ya saa tisa huku akiipamba ili isionekane mbaya. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "mwanamume asiyeweza kukaa kwangu mpaka jua lizame, kuna mahali anangojwa."

Maneno hayo yalimwingia kama mwiba, na kila alipojaribu kuyatoa yakazidi kuingia. Akaandika ujumbe: *Mwalimu nakuuliza kitu unijibu ukweli. Kuna mtu nyumbani kwako?*

Jibu lilichukua karibu saa nzima. *Hakuna mtu. Naomba uniamini. Ya Jumamosi tutafute njia nyingine.*

Akampelekea dada yake auone. Dada alikuwa muuza vitambaa, mtu mzima, na mumewe alikuwa na nyumba ya pili kwa miaka sita kabla hajagundua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Dada aliusoma ujumbe mara mbili, akasema mtu asiye na hatia hajibu baada ya saa nzima. Akamshauri asipige simu, asiandike tena. Aende kwake, jioni, amkute alivyo.

Alhamisi saa moja jioni walikuwa kwenye geti la ua aliopanga Mwalimu. Dada alibaki nje. Msusi aliingia peke yake.

Nyumba ilikuwa inawaka taa zote, sebuleni, chumbani, jikoni, utadhani kuna sherehe. Kwa nini mtu mmoja awashe taa zote? Akagonga. Mwalimu alifungua mlango, akatoa kichwa kizani alikosimama Msusi, hatua moja tu kutoka usoni pake.

"Nani?" aliuliza.

"Ulikuwa unamtarajia nani?"

Aliposikia sauti, rangi ilimtoka. Msusi hakungoja kukaribishwa. Alipita ukumbini, akaruka kizingiti kilichopakwa rangi nyeupe, akaingia chumbani. Alifungua kabati, akainama chini ya kitanda. Alihesabu jikoni sahani moja, kikombe kimoja, na bafuni mswaki mmoja. Mwalimu alimfuata akimwita, naye hakugeuka. Hakuna mwanamke. Hakuna hata kibanio cha nywele. Badala ya kupoa, hasira ilizidi kwa aibu, akasukuma mlango wa nyuma akatoka uani, labda huyo mtu kakimbilia huko. Uani kulikuwa giza. Kulikuwa na pipa la maji, na juu ya kamba koti moja la mvua limeanikwa. Hakukuwa na mtu. Akaegemea ukuta, akaanza kulia bila sauti.

Mwalimu alitoka nyuma yake, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye koti, akasimama mbele yake.

"Usilie," aliliambia koti. "Sina mke. Sijawahi kuwa na mke. Tangu nilipokujua sijamtazama mwanamke mwingine. Niamini kwa hilo moja tu, mengine nikasirikie unavyotaka."

Msusi alikuwa hatua tatu kushoto kwake. Machozi yalimkauka palepale.

"Nijibu basi," Mwalimu alisema. Akanyoosha mkono, akashika bega la koti, akakuta kitambaa kimelowa na ndani hakuna mtu. Mkono ukabaki pale pale.

"Uko wapi?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Niko hapa. Hunioni?"

"Sikuoni."

"Mwalimu, mbona niko hapa karibu?"

"Jua likizama sioni. Taa zikiwaka naona kidogo. Gizani sioni kitu." Akageukia ilikotoka sauti, na hata hapo alikosea kidogo. "Mwaka wa pili huu. Daktari anasema ni ugonjwa wa kurithi, unaanza na usiku. Mchana nao unaweza kuja kupungua, mwaka gani hajui."

Msusi alimshika mkono, akamkalisha kwenye kizingiti, akakaa kando yake. Sasa aliielewa ile rangi nyeupe ya kizingiti cha ndani. Siku za nyuma alipokuja mchana aliisifu, akasema mwanamume huyu ana usafi.

"Kwa hiyo ulikubali nikuone mume wa mtu," alisema, "kuliko nikujue huoni?"

"Hasira yako ningeivumilia. Ungenionea huruma, na mimi huruma yako sikuitaka."

"Nani kakwambia ningekuonea huruma? Uliniuliza?"

Mwalimu alipapasa ukingo wa kizingiti.

"Na ile siku ya mvua? Mwezi uliopita, mawingu yamefunga, ukasimamisha gari kando ya barabara saa nzima. Ukaniambia injini imepata moto."

Mwalimu alikaa kimya. Kimya hicho kilimtisha Msusi kuliko yote aliyoyaona uani.

"Nilikuwa ndani ya gari hilo," alisema. "Nilikuwa nakula karanga na kukutania, na wewe ulikuwa huoni njia. Na watoto wa watu unaowafundisha je? Siku mawingu yakifunga uko nao barabarani?"

"Gari ndiyo kazi yangu. Nikisema, sina kazi."

"Na usiposema?"

Msusi akasimama, akajifuta uso kwa kiganja. Alikuwa anampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana angekuwa hampendi angetoka pale akiwa ameshamsahau.

"Sikuachi kwa ajili ya macho," alisema. "Nitakuacha kwa uongo, ukiongeza hata mmoja. Kesho mwambie tajiri wako wa shule ya udereva. Na baba yangu umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, si mimi. Ukishindwa, Jumamosi usijisumbue."

Getini dada aliuliza alikuwa nani huyo mwanamke. Msusi akamwambia hakuna mwanamke, ingekuwa rahisi angekuwepo. Dada hakuelewa, naye hakuwa na nguvu ya kueleza.

Asubuhi ya Ijumaa ilipita bila ujumbe. Msusi alisuka vichwa viwili, na kila simu ilipolia alishtuka kisha akajifanya hakushtuka. Saa saba mchana ilikuwa baba yake.

"Jamaa yako amenipigia."

"Amesemaje, baba?"

"Kaanza kwa kigugumizi, nikadhani anataka kukopa. Kisha akasema yote. Usiku haoni, na mchana hana uhakika nao huko mbele. Akasema nikikukataza ataelewa."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Mzee alivuta pumzi. Nyuma yake pampu zilikuwa zinanguruma.

"Nilimwambia sijafurahi. Nisikudanganye, mwanangu, sijafurahi. Mzazi hamtakii mtoto wake mzigo. Lakini nilishamhukumu kwa jambo ambalo hakulifanya, na amenipigia mwenyewe. Nimemwambia aje nimwone uso. Nikitoka saa kumi nakuja moja kwa moja stendi. Ya kwako sasa amua wewe."

Jioni, saa kumi na moja kasorobo, ujumbe ukaingia. *Gari nimelirudisha. Tajiri amefoka sana na ana haki. Amenipa darasa la alama za barabarani, mshahara nusu. Kesho basi la saa mbili asubuhi. Kurudi basi la mwisho saa kumi na moja. Ukija utanikuta stendi. Usipokuja nitakwenda peke yangu, nimeshamwahidi mzee.*

Msusi aliusoma akiwa amesimama katikati ya saluni. Basi la mwisho lingefika saa mbili na nusu usiku. Mtu yule alikuwa tayari kushuka gizani, peke yake, kwenye stendi yenye mitaro, ili asivunje ahadi. Mpumbavu huyu, alijisemea. Lakini hakujibu. Jioni yote iliyobaki hakujibu, maana na yeye alitaka kwanza kujua kama anakwenda kwa sababu anampenda au kwa sababu anamwogopea. Mpaka anaingia kitandani hakupata jibu, na asubuhi alipoamka alijikuta ameshavaa.

Mwalimu alikuwa kwenye benchi la stendi, shati limepigwa pasi, tiketi mbili mkononi.

"Umekata mbili," Msusi alisema. "Nani alikwambia nakuja?"

"Hakuna. Ningerudi na moja."

Njiani Msusi alimuuliza mambo aliyoogopa kumuuliza: kama watoto watarithi, atafanya kazi gani siku mchana ukipungua. Mwalimu alijibu kila swali, na mengi alijibu sijui. Msusi aligundua kwamba sijui zile zilimtuliza kuliko zile saa zote alizokuwa akipangiwa kwenye karatasi.

Mzee alifika stendi ya mji wake saa kumi na dakika ishirini, bado ana buti za kazini zenye tope. Walikaa watatu kwenye benchi, abiria wakiwapita na mabegi, wachuuzi wakiwauzia maji. Alimuuliza Mwalimu habari za wazazi wake, za kazi mpya, za daktari. Alimtazama machoni muda mrefu. Mwisho akamgeukia binti yake.

"Unamtaka?"

"Namtaka, baba. Lakini naogopa."

"Ungesema huogopi ningekukatalia," mzee alisema, akainuka kwenda kuwanunulia mkate wa njiani. Aliporudi, alimkabidhi Mwalimu, si binti yake.

Giza liliwakuta katikati ya safari. Mwalimu alishika kiti cha mbele. Basi liliposimama taa za ndani zilikuwa mbovu, na stendi ilikuwa na balbu moja mbali sana. Msusi alishuka kwanza. Mwalimu alifika mlangoni akasimama, mguu mmoja ukitafuta hewani, abiria wakirundikana nyuma yake.

"Shuka basi, bwana, watu wanataka kwenda kulala," kondakta alisema.

Msusi alifungua mdomo amjibu kwa niaba yake, lakini Mwalimu alimtangulia.

"Nipeni nafasi kidogo," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma. "Usiku sioni."

Waliorundikana nyuma yake wakarudi hatua moja. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaambia watu asiowajua. Msusi akanyoosha mkono juu, akakishika kiganja chake.

"Ngazi mbili," alimwambia. "Ya pili ndefu."

Akashuka ya kwanza. Akashuka ya pili. Chini walisimama kando, wakawapisha watu wote wapite, na hakuna kati yao aliyeuachia mkono wa mwenzake.