Goti la Marquell

Barafu ilidondoka jikoni, kwachakwacha, kisha kimya. Odessa alifumbua macho gizani asisogee. Aliijua sauti ile: mlango wa friji kufunguliwa polepole, vipande vya barafu kuangukia kwenye mfuko wa plastiki, halafu mguu mmoja kukanyaga na mwingine kuburutwa. Kila alfajiri, kabla mama yao hajarudi kutoka zamu ya usiku hospitalini, kaka yake Marquell alilikanda goti lake kwa barafu, kisha akauficha ule mfuko chini kabisa ya pipa la taka.

Odessa, mwenye miaka kumi na mmoja, ndiye pekee aliyejua.

"Dessa, ukimwambia Mama, nimekwisha," Marquell alikuwa amemwonya. "Funga domo, sawa? Litapona tu."

Shuleni, Jarvis wa nyumba ya pili hakuisha kumchokoza. "Eti kaka yako ana shahada, halafu anatafuta chuo tena? Kwani alifeli?"

"Kama hujui, nyamaza! Chuoni kila mchezaji wa kikapu ana misimu minne. Yeye mwaka wa kwanza hakucheza, kwa hiyo bado ana msimu mmoja mkononi. Aliyehitimu anaruhusiwa kwenda kuuchezea chuo kingine, huku akisoma shahada ya pili."

"Si abaki chuo chake?"

"Wameshamuaga."

Ni kweli, walimuaga kwa heshima zote. Machi, kwenye mechi ya mwisho ya nyumbani, Marquell alitembea hadi katikati ya uwanja wa mpira wa kikapu akiwa amemshika Mama mkono. Mama akapewa maua, yeye akapewa jezi yake ndani ya fremu ya kioo. Sasa jezi hiyo ilikuwa ukutani sebuleni, na nafasi yake kwenye timu ilikuwa ya kijana mrefu kutoka Milwaukee. Marquell alitaka chuo kikubwa zaidi, ambako watafuta vipaji wangemwona kabla muda haujamtupa mkono. Halafu, jioni moja, akicheza kwa utani tu na marafiki kwenye kiwanja cha bustani hapa mjini Gary, aliruka akatua vibaya. Akainuka akicheka, ili mtu yeyote asimuulize kitu.

Jumapili baada ya kanisa, Kocha Lindgren wa chuo kimoja kikubwa alifika kutoka Ohio. Ilijulikana kwamba hamchukui mchezaji kabla hajala nyumbani kwao. Mama, kofia ya kanisani bado kichwani, alipakua kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini na mboga za majani. Marquell alikuwa amemeza vidonge vya maumivu tangu asubuhi. Alivaa suruali pana, akatembea kama mtu asiyewahi kujikwaa maishani.

"Bi. Pruitt," kocha alisema akijilamba vidole, "kwa kuku huyu, ningekusajili wewe."

"Niletee jezi, Kocha, nianze kesho!"

Mama alicheka hadi akafuta machozi. Ni muda mrefu Odessa hakuwa amemsikia akicheka hivyo. Hapo hapo kocha akamgeukia.

"Mimi huwa namuuliza mdogo wa nyumba. Wakubwa wote hunisifia mchezaji, siambulii kitu. Hebu niambie, kaka yako akiamka, kitu cha kwanza anafanya nini?"

Marquell alimkonyeza, lakini midomo ilikuwa imemkauka. Odessa angeweza kusema anapiga mswaki. Nani angejua? Akaufikiria ule mguu unaoburutwa gizani. Akamwaza kaka yake akiruka nao mbele ya maelfu ya watu.

"Anaweka barafu kwenye goti," alisema.

Mama aliweka kijiko chini. "Goti gani?"

"Mama, ni kidogo tu..."

"Simama. Pandisha hiyo suruali."

Goti lilikuwa limevimba kama mkate uliotoka kwenye oveni. Mama alilibonyeza kwa kidole, na Marquell, mwanaume mzima, akapiga ukelele.

Kocha aliisukuma sahani yake pembeni. "Kijana, daktari wetu angekupima siku ya kwanza, angeliona hilo. Ungerudishwa wakati vyuo vingine vimeshajaza nafasi zote."

"Nipe mwezi mmoja, Kocha."

"Nafasi ninayo moja tu, na msimu haunisubiri. Nisamehe." Alimpa kila mtu mkono, hata Odessa, akaondoka. Pai yake ya viazi vitamu ilibaki mezani bila kuguswa.

Kesho yake daktari alisema kano ilikuwa imechanika yote. Mwanzoni huenda ilichanika nusu tu, lakini kwa kuendelea kukimbia na goti bovu, Marquell alikuwa ameimalizia. Upasuaji, kisha karibu mwaka mzima wa kupona. Msimu ule mmoja ukawa umekwenda.

Marquell hakumsemesha dada yake. Hata Jarvis aliacha utani. Siku moja, Mama alipokuwa akivua viatu vya kazi, Odessa alishindwa kujizuia. "Mimi ndiye niliyemharibia."

"Njoo hapa, mwanangu. Goti lilichanikia kiwanjani, si mdomoni mwako. Kilichomharibia ni zile asubuhi alizojificha. Mwili ukiuma unaomba msaada, na ukiuficha unazidi kuumia. Na ukiulizwa, sema kweli, hata kama jibu litatuumiza sote. Wewe ulisema."

"Atacheza tena?"

Mama aliitazama jezi ukutani. "Sijui, Dessa. Na mimi sitakudanganya."

Nje, Marquell alikuwa ameketi kwenye ngazi, mguu ameulaza juu ya kreti la maziwa, akiwatazama watoto wakirusha mpira kwenye ringi isiyo na wavu. Odessa alifungua friji. Safari hii hakuzuia kelele. Aliiacha barafu iangukie bakulini kwa kishindo chake chote. Akatoka, akaketi ngazi moja chini ya kaka yake.

Marquell hakugeuka. Kisha akausogeza mguu kidogo, nafasi ya bakuli ikapatikana juu ya kreti.

"Nimekuletea barafu," Odessa alisema.