Sahani Tatu Zilizofunikwa

Marehemu alikuwa amelala kifudifudi kati ya friji na meza ya jikoni, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Kiti alichokuwa amekalia kilikuwa bado kimesimama. Jeraha lilikuwa moja tu, nyuma ya kichwa, juu kidogo ya sikio la kulia.

Mezani kulikuwa na chakula cha jioni.

Inspekta aliikwepa damu, akachutama, akautazama mwili kwa dakika nzima. Hakuhisi kitu. Huu ulikuwa mwaka wake wa ishirini na sita kazini. Zamani alikuwa akitoka nje kutapika, baadaye akawa anatoka kuvuta sigara, siku hizi hatoki kabisa. Sajini wake alidhani huo ni ujasiri. Inspekta mwenyewe alijua ni ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu.

"Nani huyu?"

"Msimamizi wa ghala, afande. Miaka thelathini na tisa. Mkewe ndiye aliyemkuta, saa kumi na mbili na robo. Ni fundi cherehani kwenye kiwanda cha sare. Wana watoto wawili, walikuwa masomo ya ziada, sasa wako kwa jirani. Na yupo mama mzazi wa marehemu, anaishi humu humu, chumba cha nyuma. Anasema alikuwa amelala."

"Alipigwa na nini?"

Sajini alionyesha kikaango kizito cha chuma kilichotundikwa ukutani. Kilikuwa kimeoshwa vizuri kuliko vyombo vyote vya jikoni humo. Lakini pale mpini unapoungana na chuma, mtaalamu wa maabara alikuwa ameshapata damu.

"Hilo nani analijua?"

"Sisi tu."

"Libaki hivyo hivyo."

Inspekta alisogea mezani. Sahani tatu zilikuwa zimepangwa na uma zake, kila moja imefunikwa kwa sahani nyingine iliyogeuzwa. Akavaa glovu, akafunua. Tambi ndefu, nyanya, vitunguu saumu, vipande vya jodari wa kopo, na jani moja la mrehani juu. Zilikuwa za vuguvugu. Harufu yake ilikuwa nzuri, na Inspekta, ambaye tangu afiwe na mkewe alikuwa akila mkate na chai jioni zote, alifunika upesi.

Kwenye mlango wa friji kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Jumatatu: tambi, vitunguu saumu, mafuta ya zeituni. Jumanne: supu ya maharage na tambi ndogo. Jumatano: bilinganya na jibini, oveni. Alhamisi: tambi, nyanya, jodari. Ijumaa hapakuandikwa kitu, pamewekwa alama ya kuuliza.

"Mapishi ya Kitaliano," alisema Sajini. "Mke alijifunza kwenye simu. Anatoka kazini amechoka, na hayo dakika thelathini yako mezani. Jirani anasema marehemu alikuwa hayataki. Anasema sahani zilikuwa zinaruka humu ndani kila wiki."

Inspekta aliutazama ukuta ulio karibu na meza. Rangi yake ilikuwa mpya kuliko ya kuta nyingine, na chini ya hiyo rangi mpya wekundu wa nyanya ulikuwa unachungulia.

"Leo Alhamisi," alisema.

Mke wa marehemu alikuwa amekaa sebuleni, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu bichi la moto kutoka kiwiko hadi kiganjani.

"Mkono umefanya nini?"

"Mchuzi wa moto."

"Ulimwagikiwa?"

"Nilimwagiwa."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Leo umetoka kazini saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Na siku zote?"

"Saa kumi na moja."

"Ulikwenda wapi?"

"Nilikuwa natembea tu."

"Muda wote huo, saa mbili na robo nzima, unatembea?"

Alifungua zipu ya mkoba, akaifunga tena.

"Chakula cha mezani umepika wewe?"

"Nimekikuta."

"Umekuta mumeo amekufa na chakula kimeiva?"

Mwanamke huyo aligeuka kuelekea jikoni. Kisha macho yake yakahama taratibu mpaka kwenye mlango wa chumba cha nyuma, yakaganda hapo. Akaukumbatia mkoba.

"Sina la kuongeza, afande."

Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo na safi. Bibi alikaa kitandani, miguu juu ya stuli, magoti yamefungwa bandeji. Macho yalikuwa makavu kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole sana kwa msiba."

"Nimeshapoa."

Inspekta alikuwa ameshasikia majibu mengi ya pole, lakini kwa msiba wa saa chache hili lilikuwa geni.

"Chakula kapika nani, mama?"

"Mimi mambo ya jikoni yananihusu nini? Hayo matambi ni minyoo ya kuchemsha. Kila siku nasema, na kila siku inapikwa."

"Hukusikia kishindo?"

"Masikio yangu yanasikia yanapotaka yenyewe."

"Umekula?"

"Sina njaa, baba."

Asubuhi ya Ijumaa daktari wa uchunguzi wa maiti alileta jibu lake: pigo moja, kifo cha papo hapo, kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja na nusu jioni. Sajini alipiga meza kwa furaha.

"Basi yameisha, afande! Sababu anayo, mkono unaonyesha. Muda anao, alitoka mapema. Na ameficha alikokwenda. Tumfungulie mashtaka kabla ya mchana."

Inspekta alimpa kipande cha karatasi kilichokutwa mkobani mwa mtuhumiwa. Kilikuwa na jina la mtaa na namba ya simu, basi.

"Nenda huko. Ujue alikwenda kwa nani."

"Afande, si tumeshampata?"

"Nenda, bwana."

Alipoondoka, mtuhumiwa aliletwa kutoka mahabusu. Inspekta hakuanza na maiti. Alianza na jiko.

"Mama mkwe wako huwa anakula nini jioni?"

Mwanamke yule alishangaa. "Tambi hizo hizo. Zake nazichemsha zaidi, zilegee, maana meno yake mabovu. Namwekea kwenye bakuli lake."

"Si anaziita minyoo?"

"Anaziita minyoo, halafu anaomba nyongeza." Alikaribia kutabasamu.

"Jana bakuli lake halikuwepo mezani."

Aliushika mkono wake wenye kovu.

"Na ukishapakua, huwa unafunika sahani?"

"Hapana. Mvuke unazivuruga, zinakuwa uji. Mama ndiye kila akiona sahani wazi..."

Inspekta alimwona akielewa alichokwisha kukisema, na akamwona akiamua.

"Nimemuua mimi," alisema. "Andika."

"Kwa nini?"

"Mkono umeuona."

"Ulimpiga na nini?"

"Na chupa. Ya mafuta ya zeituni."

"Iko wapi?"

"Niliitupa."

"Chupa ya mafuta ilikuwa juu ya rafu jana, haina hata ufa."

"Nilikuwa na nyingine." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Afande, mtu anakiri mwenyewe, anasema nimeua, wewe unataka nini tena?"

"Na watoto?"

"Watalelewa na bibi yao. Anawapenda kuliko macho yake."

Inspekta alikuwa na fomu mbele yake na kalamu mkononi. Angeandika, kesi ingeisha kabla ya chakula cha mchana, Sajini angepongezwa, na watoto wawili waliompoteza baba jana wangempoteza mama leo. Hakuna mkubwa ambaye angemwuliza. Alitafuta moyoni kama jambo hilo linamsumbua. Lilimsumbua kidogo, na kidogo hicho kikamshangaza.

Aliiacha fomu wazi, akachukua funguo za gari.

Njiani alilipanga tena kichwani. Aliyepika alipakulia watu watatu: mke wa marehemu na watoto wake. Marehemu hakupakuliwa kwa sababu mpishi alijua hatakula. Bibi naye hakupakuliwa. Miaka yote ya ndoa mke yule hakuwahi kulisahau bakuli la mama mkwe, na asingelisahau jana. Mtu pekee anayeweza kupakulia nyumba nzima akajisahau ni mpishi mwenyewe.

Alimkuta bibi amekaa vile vile, kana kwamba hajasogea tangu jana.

"Mama, mkweo amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kumuua mwanao."

"Muongo huyo." Alisema bila hasira. "Anasema alimuua vipi?"

"Kwa chupa."

"Chupa gani? Chupa si ingemvunjikia mkononi! Ni kikaango."

Inspekta alivuta kiti.

"Mama, ngoja kwanza. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani kama ushahidi. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Andika, ila uandike vizuri, maana sitarudia."

Akaandika.

"Baba yake alikuwa anamwaga chakula," alisema bibi. "Kikikosa chumvi anamwaga, kikizidi anamwaga, kikiwa sawa anamwaga vilevile. Miaka thelathini na moja. Mimi naokota. Mtoto amekaa anatazama. Nikajiambia, ni mdogo, atasahau. Hakusahau. Alipooa akaanza. Nikajiambia, ni uchovu wa kazi. Miaka kumi na moja najiambia."

"Jana ilikuwaje?"

"Siyo jana. Juzi, siku ya bilinganya. Mjukuu wangu wa kiume aliisukuma sahani mpaka ikaanguka. Akamwambia mama yake, 'Okota, mwanamke.' Ana miaka saba. Baba yake akacheka, akampa mkono, kama watu wazima."

"Na mama yake?"

"Akainama akaokota. Na mimi nikainama na magoti yangu haya. Tukakutana chini ya meza, hatukusemezana." Alipumua. "Nikaona nikimwacha huyu mkubwa, na yule mdogo amekwisha. Atakuja kuoa na yeye. Kuna mtoto wa mtu mahali fulani, sasa hivi anacheza, hajui."

"Endelea."

"Jana alirudi mapema. Akakaa kwenye kiti, akavua viatu, akauliza leo kuna takataka gani. Nilikuwa nyuma yake."

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Moja. Nimemzaa mimi, sikutaka ateseke."

"Halafu?"

"Nikaosha kikaango. Nikabandika maji."

Kalamu ilisimama. "Ukapika. Naye yuko pale sakafuni."

"Watoto wanarudi na njaa, mwanangu. Mama yao anarudi amechoka. Ulitaka wakute jiko limenuna?"

"Ulijuaje kupika yale?"

"Jioni ngapi nimekaa pale namtazama! Chumvi inatiwa kwenye maji. Tambi hazikatwi. Kikombe kimoja cha maji yake unakiweka kando, cha kulainishia mchuzi. Nilitaka wale kwanza, halafu niseme. Mkaja, mkachukua sahani zote. Nikasema basi, nitasema asubuhi. Sikujua mtamlaza mkwe wangu mahabusu."

"Ulihisi nini, mama?"

"Sikuhisi kitu. Nakata vitunguu saumu, nasubiri uchungu wa mtoto uje. Hauji. Mpaka sasa nausubiri."

Inspekta alimwelewa kabisa, na kumwelewa huko kukamtia hofu.

Mlango uligongwa. Sajini aliingia akihema, daftari mkononi, akamwona bibi, akasita.

"Sema hapa hapa," alisema Inspekta.

"Nimempata mwenye ile namba, afande. Ni mama mmoja anapangisha vyumba. Mtuhumiwa alifika kwake saa kumi na nusu, akaondoka saa kumi na mbili kasorobo. Ana uhakika, na binti zake waliokuwepo wanasema hivyo hivyo. Alikuwa anatafuta pa kuhamia yeye na watoto, bila mumewe kujua. Wamekubaliana ahamie Jumamosi."

"Kumbe alikuwa anaondoka," alisema bibi polepole. "Ameona mbali. Hakuniambia, lakini ameona mbali. Mimi ningebaki na mwanangu."

Sajini alifunua ukurasa. "Kuna hili pia. Alionyeshwa vyumba vya ghorofani, vikubwa, vina roshani na hewa. Akavikataa. Akachagua vya chini, vidogo, vya giza giza. Mwenye nyumba akamwuliza, mbona unachagua vibaya? Akajibu..." Alisogeza daftari karibu na macho. "'Tutakuwa wanne. Mama yangu hawezi kupanda ngazi.'"

Bibi alimtazama Sajini, kisha akamtazama Inspekta.

"Mama yake alifariki kabla hajaolewa," alisema. "Mimi sikumkuta."

"Najua, mama."

"Jumamosi ipi?"

Inspekta alitaka kupata namna nyingine ya kulisema. Hakuipata.

"Kesho."

Mdomo wa bibi ulifunguka, na kilio kilichotoka kikawafanya majirani wa upande wa pili wafungue madirisha. Alimlilia mwanawe kwa jina la utotoni, akamlilia tena na tena. Sajini alitoka nje. Inspekta aliandika saa, akaandika tarehe, akabaki pale kitini, akimsubiri amalize ili amsaidie kusimama.