Lenzi Isiyo na Uzito

“Mpangaji wako mwizi, Visitación! Mwizi, nasema, na mtaa mzima usikie!”

“Mwizi wa nini, jirani? Una nini wewe cha kuibiwa? Hizo kandambili?”

“Kuvumwani yangu, majani yangu laini ya kijani! Kaukwangua ukuta mzima wa tangi la maji! Nimeilea tangu Pasaka, nipambie pango la Noeli. Leo tarehe kumi na mbili Desemba, Mtoto Yesu nimlaze wapi? Kwenye sementi?”

“Mlaze kwenye ulimi wako. Ni mrefu, atatosha!”

Kicheko kikapasuka ng’ambo ya barabara. Hapa Bahía Solano, pwani ya Pasifiki, nyumba ni za mbao. Ukikohoa chumbani, jirani anakwambia pole kabla hujafuta mdomo.

Nyuma ya dirisha la Bi Eufemia, mkono wa Nelcy Rentería ulisimama ndani ya shanta.

Kuvumwani?

Majirani walimjua kama mpiga picha kutoka Quibdó. Alikuwa amepanga kwa Bi Eufemia wiki nzima, akijiandaa kwa safari ya miguu kupiga picha za kasuku na nyani huko Juradó. Sakafuni alikuwa ametandaza vitu vyake: kamera ya Nikon, bembea ya kulalia, chandarua, gambuti, betri sita.

Chini kabisa ya shanta, ndani ya kitambaa cha pili, kulikuwa na bastola ya Glock 19 na pingu.

Kwenye Kitengo cha polisi wa siri wanaolinda wanyamapori, jina lake lilikuwa Tano.

Amri ilikuwa fupi. Vyura wekundu wa Kijito cha Tarrayo hawapatikani kwingine popote duniani, na mtu mmoja alikuwa amewazoa karibu wote. Jina lake Konrad Veltmann. Alijiita mpiga picha, na alilala kwa Bi Visitación, pua na pua na Nelcy. Maji yakijaa saa tatu asubuhi atapanda boti kwenda Juradó. Kutoka huko atatembea msituni mpaka Panama.

Polisi walikwisha kumpekua mara mbili bila kupata kitu. Mara zote mbili alipeleka malalamiko ubalozini, na wakubwa wakaomba radhi.

“Ukikosa safari hii hatumgusi tena,” Kamanda Ibargüen alimwambia. “Na kijito kitabaki na mawe tu.”

Saa mbili na dakika kumi.

Bi Eufemia aliingia kutoka kwenye ugomvi, akihema, kikapu cha mchele kiunoni.

“Na mchele wangu kaurudisha, mzungu yule!”

“Mchele gani, mama?”

“Si huo niliomkaangia? Kama wako, mwanangu. Nawakaangia wapiga picha wote wanaolala mtaa huu. Nani anaingia msitu wa Chocó bila soksi ya mchele mkavu kwenye begi la kamera? Siku ya pili tu lenzi imeota kuvu! Yeye ati, ‘Asante, sihitaji.’ Sihitaji! Mvua hii yote!”

Nelcy aliinua kichwa taratibu.

Mpiga picha aliyekataa kitu kikavu na kuiba kitu kibichi.

Alishika redio yake ya Motorola.

“Tano kwa Kituo.”

“Sema, Tano.”

“Vyura wako kwenye vifaa vya kamera.”

“Yale makopo ya filamu tuliyofungua mara mbili?”

“Hayo ni ya kutupotezea muda. Ni kitu kingine.”

“Kipi?”

“Nitakwambia nikikiona.”

“Tano, huna ruhusa ya kubahatisha!”

Akazima redio. Akachomeka Glock mgongoni chini ya shati na pingu mfukoni, akavaa gambuti, akachukua soksi moja ya mchele.

Veltmann alikuwa anafunga mizigo barazani. Bi Visitación alimmiminia kahawa kama anammiminia askofu. Mzungu alivaa buti za ngozi, nzito, mpya. Alimwona Nelcy, akatabasamu kwa meno tu.

“Mwenzangu,” Nelcy alisema, “nimekuletea mchele. Bi Eufemia atalia ukiukataa tena.”

“Weka hapo.”

“Hiyo lenzi ni ya milimita mia sita?”

“Ndiyo.”

Lenzi ile ilikuwa ndefu kama mkono wa mtu. Lenzi za namna hiyo zina uzito wa zaidi ya kilo tatu. Mpiga picha huzinyanyua kwa mikono miwili, kama mtoto wa ubatizo.

Veltmann aliinyanyua kwa vidole. Kama mkate.

Kioo chake kilikuwa na ukungu. Ukungu wa ndani. Tone moja la maji liliteleza, likaacha mstari safi.

Kwenye mstari huo, kitu chekundu kikasogea.

Macho yao yakakutana.

Veltmann alimsukuma Bi Visitación, kahawa ikaruka, kiti kikaanguka. Akaruka ngazi na shanta mgongoni, lenzi kwapani.

“Mama yangu weee!” Bi Visitación alipiga yowe. “Nimemlisha mwendawazimu!”

Nelcy alikwishashuka.

Matope. Buti za ngozi zilizama na kung’ang’ania. Gambuti zilipita. Mita thelathini. Ishirini. Wakatokea ufukweni, kwenye mchanga wa kijivu. Boti ilikuwa inangoja, injini ya Yamaha inanguruma, nahodha Aristarco kashika usukani mdomo wazi.

Veltmann aliingia majini mpaka magotini, akageuka. Kifuniko cha nyuma cha lenzi kilikuwa mkononi mwake. Lenzi aliishika juu ya maji, mdomo chini, kiganja kimeuziba.

“Usisogee!”

Glock ilikuwa tayari imemlenga kifuani.

“Maji ya chumvi, binti. Unajua yanachomfanya chura. Piga risasi, waanguke.”

Nelcy alijua. Ngozi ya chura hunywa kila kitu. Wangekufa wote kabla hajawafikia.

“Bastola chini.”

Nelcy aliinama, akailaza Glock mchangani.

Veltmann akacheka. Alimkabili Nelcy, akaipa bahari mgongo.

Hakuna mtoto wa Bahía anayeipa Pasifiki mgongo. Hilo anafundishwa kabla ya sala.

Nyuma ya mabega ya Veltmann maji yaliinuka. Polepole. Hayakuwa na povu bado.

Nelcy alihitaji sekunde tatu.

“Umepiga picha ngapi?” aliuliza.

“Nini?”

“Tangu ufike. Mwezi mzima. Umepiga hata moja?”

Veltmann alikunja uso.

Wimbi likampiga magotini kwa nyuma.

Miguu ilitoka chini yake. Lenzi ikaruka, ikazunguka hewani. Nelcy aliirukia. Aliidaka kwa mikono miwili, akaziba mdomo wa lenzi kwa kiganja, akazama mpaka kidevuni, mikono juu.

Bahari ilimpita, ikamtemea chumvi machoni. Mikono haikushuka.

Veltmann aliibuka akitapika maji. Aristarco alimnasa kwa mkanda wa shanta, akamning’iniza ubavuni mwa boti kama jodari.

“Huyu wako, dada,” nahodha aliuliza, “au nimrudishe?”

“Wangu. Mshikilie hapo hapo.”

Pingu zikalia. Glock ikarudi mgongoni. Nelcy aliketi chini ya banda la wavuvi, akachungulia ndani ya lenzi. Hakukuwa na vioo, ila kimoja cha mbele. Kuvumwani tupu, mbichi, na katikati yake macho meusi yakimtazama.

Alihesabu mara mbili. Nahodha alimpa redio yake ya boti.

“Tano kwa Kituo.”

“Tano! Uko wapi?”

“Ufukweni. Arobaini na mmoja. Wote wazima.”



“Na yeye?”

“Kalowa.”

Polisi wawili walikuja kumchukua Veltmann, huku wanawake wa mtaa wakimsindikiza kwa maneno ambayo hayaandikiki. Nelcy hakungoja kupongezwa. Alifunika lenzi kwa kitambaa kilicholoa maji ya mvua, akashika njia, gambuti zikibwabwata kwa maji. Kijitoni ni mwendo wa saa mbili. Angefika kabla ya saa sita.

“We, binti!”

Bi Visitación alisimama mlangoni, kanga ya kiunoni imelowa kahawa, macho mekundu. Kando ya ngazi alikuwepo Bi Eufemia, mikono kifuani, anangoja kuombwa radhi.

“Unakwenda wapi na tumbo tupu?”

“Tarrayo, mama. Niwarudishe hawa.”

“Wako kivulini, wameloa, hawana haraka. Wewe unatetemeka.” Akasogea pembeni, akafungua mlango wote. Harufu ya samaki, nazi na ndizi za kukaanga ikatoka. “Na wewe, Eufemia, usisimame hapo kama mnara wa kanisa. Kuna sahani tatu mezani. Ingieni, mle.”